Karani Kaficha Kucha

Binti huyu aliitwa Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Kabla hajamaliza kufunga kamba za aproni asubuhi, tayari alikuwa ameshaongea maneno ya watu watatu. Pale kwenye duka la shangazi yake la kuogesha mbwa, mteja aliingia na mbwa mchafu, akatoka na mbwa msafi na habari za mtaa mzima juu yake, bila kuziomba.

Duka lenyewe lilikuwa vyumba viwili. Mbele palikuwa na kaunta, viti vitatu vya plastiki na rafu ya vichupa. Nyuma palikuwa na sinki refu la chuma, mpira wa maji, mashine ya kukaushia inayonguruma kama pikipiki mbovu, na meza yenye mkanda wa kumfungia mbwa asiruke. Na ukutani, juu ya meza hiyo, palikuwa na karatasi iliyotiwa nailoni isilowe, imeandikwa kwa kalamu ya rangi: NJIA YETU YA UTULIVU. Mbwa aogeshwe, akaushwe, afungwe kitambaa shingoni chenye matone mawili ya mafuta ya lavenda, ndipo akatwe kucha. Pembeni kulikuwa na vimaua.

Vimaua vilikuwa vya Chiriku. Karatasi nzima ilikuwa ya Chiriku. Alirudi kutoka chuoni na diploma yake ya afya ya wanyama akiwa amejaa elimu hadi kooni, na katika elimu hiyo mlikuwa na sentensi moja ya mkufunzi mmoja kwamba harufu fulani huweza kumtuliza mnyama mwenye wasiwasi. Sentensi moja tu. Chiriku akaifanya hotuba ya wiki mbili. Shangazi mwanzoni alicheka mpaka akashika kiuno, akauliza huyo mbwa anapakwa manukato anakwenda kuposwa au vipi. Halafu akanusa kichupa, akanyamaza, akanusa tena. Baada ya mwezi rafu ilikuwa imejaa, kila kichupa na picha ya mbwa aliyelala fofofo, na kila mteja alishauriwa akaendelee na matone nyumbani.

Waliwahi kugombana mara moja tu juu ya mafuta hayo, siku shangazi alipotaka kumtilia paka. Chiriku akasimama mbele ya tundu, mikono kiunoni, akasema ini la paka haliwezi kuyasaga mafuta ya namna hiyo, na kama ni lazima basi apakwe yeye. Shangazi alinuna siku tatu. Paka akaenda zake salama. Kwa hiyo ukaidi haukuwa mgeni kwa binti huyu. Ulikuwa haujapata kazi kubwa tu.

Kazi ikaja Ijumaa, saa nne asubuhi, ikiwa imeshikwa kamba na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu wa mtaa wa pili, mgongo umenyooka kama rula, na mbwa wake aliitwa Karani. Jina hilo alilipata kwa tabia. Alikaa getini, sikio moja juu, jingine limelala, na kila aliyeingia alimnyooshea mkono wa kulia kama anayedai kitambulisho. Usipomshika mkono, hupiti. Mtaa mzima ulikuwa umeshapeana mkono na Karani.

Chiriku akampa Mwalimu shikamoo yake na ya ziada juu. Mwalimu hakuitikia upesi. Alisogeza mtandio begani, akasema anataka mbwa aogeshwe vizuri kuliko siku zote, kwa sababu leo ndiyo mwisho. Saa sita daktari wa mifugo anawasubiri na sindano.

"Nataka aende akiwa msafi," alisema. "Asije akaonekana hana kwao."

Nje, kwenye gari, alikaa mwanawe mkubwa, wakala wa bima, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Mwalimu akaeleza kidogo kidogo, kama mtu anayesoma matokeo mabaya ya mwanafunzi anayempenda. Msimu wa radi ulipoanza, Karani alikuwa akijificha uvunguni. Akanunua kichupa hapa hapa dukani, akaanza kumtilia matone mawili kwenye godoro lake kila jioni. Radi zikaisha, woga haukuisha, ukazidi. Akaja kuuliza, na shangazi akamwambia aongeze, dawa ya moto ni moto. Akaongeza hadi matano. Akaongeza hadi kumi. Karani akaanza kukwepa sebule, kisha kukwepa chakula. Jumapili iliyopita mwanawe alipokuja kumtembelea, Mwalimu alinyunyiza mafuta kila mahali, kwenye zulia na kwenye mto, ili mbwa amtulie mgeni. Mwana akanyoosha mkono kusalimia kama kawaida yao. Karani akagoma. Mwana akacheka, akapiga magoti na kuuvuta yeye mkono wa mbwa. Akashonwa nyuzi tatu.

Mbwa amepata kichaa cha uzee, ndivyo mwana alivyosema. Na nyumbani kuna wajukuu.

Chiriku akampokea kamba bila neno. Shangazi, aliyekuwa kaunta na wateja wawili wanaosubiri zamu, aliinua kichwa kumtazama, maana kimya cha Chiriku kilikuwa kitu cha kutisha kuliko kelele za mbwa kumi.

Kule nyuma alimwosha polepole. Maji ya vuguvugu, shampuu isiyo na harufu, masikio, makwapa, mkia. Na Karani akasimama kwenye sinki kwa adabu zake zote, akaegemeza kichwa tumboni kwa Chiriku kama alivyokuwa akifanya tangu wafahamiane. Akanguruma wapi? Akatetemeka wapi? Hata mashine ya kukaushia alivumilia, macho ameyafumba kama abiria wa dirishani. Chiriku akajiuliza, kichaa gani hiki kinachojua kusubiri taulo?

Sasa mkono una mazoea yake. Hakuna aliyesema kucha zikatwe. Mbwa anayekwenda kuzikwa kucha za nini? Lakini kwenye karatasi baada ya kukausha ni kitambaa, basi mkono wa Chiriku ukakichukua kitambaa chekundu, mkono mwingine ukafungua kizibo cha kichupa. Hakuwa ametia hata tone.

Karani alianza kutetemeka toka mabegani. Akakaa. Kisha akakunja miguu yake ya mbele, mmoja, halafu wa pili, akaisukuma chini ya tumbo, akailalia kwa uzito wake wote, macho kwenye droo.

Mkasi wa kucha ulikuwa ndani ya droo. Droo ilikuwa imefungwa.

Chiriku alirudisha kizibo. Akafungua dirisha, akapunga taulo, akaegemea ukuta akasubiri. Dakika zikapita. Ukatokea mguu mmoja wa mbele, kwa uangalifu, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama mdai ameondoka. Akafungua kizibo tena, kidogo tu. Mguu ukarudi ndani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Karani ana kucha nyeusi, mshipa wa damu ulio ndani yake hauonekani, na miezi minne nyuma shangazi aliukata mmoja kwa bahati mbaya, damu ikachirizika mezani na mbwa akalia kilio ambacho hata wapita njia walisimama. Na kila alipokuja tangu hapo, kabla ya mkasi, kwanza alifungwa kitambaa. Harufu, kisha mkasi. Harufu, kisha mkasi. Kwa pua ya mbwa, kichupa kile hakikuwa na picha ya mbwa aliyelala. Kilikuwa tangazo kwamba maumivu yanakuja. Halafu wakampa Mwalimu tangazo hilo akalimwage kwenye godoro lake, kila jioni, na maumivu hayafiki, na mbwa anasubiri, amelalia mikono yake, usiku kucha. Na mtu akaja akamvuta mkono ule ule.

Na ung'ongo huu ameuleta nani? Chiriku akainua macho ukutani. Mwandiko ulikuwa wake. Vimaua pia.

Alitoka na povu kwenye viwiko, akasimama katikati ya chumba cha mbele, akasema mbwa hana kichaa. Akasema tatizo ni mafuta, au tuseme si mafuta, ni sisi tulivyoyatumia, na akaanza kueleza kwa kasi yake ile ya maneno mia kwa pumzi moja. Mteja mmoja, mwanamke mwenye kijibwa cha manyoya mapajani, alikitazama kichupa alichokuwa ameshakishika mkononi, akakirudisha rafuni taratibu.

Shangazi alimkamata mkono, akamrudisha nyuma na kuufunga mlango kwa kisigino. Hakupaza sauti. Akamuuliza kama amerogwa, kumwaga mchele penye kuku wengi namna ile. Kama kuna la kusahihisha watasahihisha, kesho, wateja wakishaondoka, kimya kimya, kama watu wazima. Chiriku akajibu kwamba wateja wakishaondoka Karani naye atakuwa ameshaondoka, na yeye hana siku ya kurudi.

"Mimi ndiye niliyekusomesha," shangazi akasema. "Usisahau hilo, binti wa kaka yangu."

"Ulinisomesha ili nijue, shangazi. Sasa najua."

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mwana wa Mwalimu, saa ya mkononi mbele, akisema wameshachelewa na aletewe mbwa. Alikuwa mtu wa heshima, shati limepigwa pasi, na bandeji yake nyeupe ilimpa haki yote duniani.

"Simleti," Chiriku akasema.

Mwana akatabasamu, akasema, "Dada, mbwa si wako."

"Si wangu. Kosa ndilo langu. Nipe dakika kumi, kaka, halafu kama bado unaona anastahili sindano, mimi mwenyewe nitamfungulia mlango wa gari."

Kama Karani angemrukia mtu yule mara ya pili, basi kesi imekwisha na hakimu ni yeye Chiriku.

Akamfunga Karani mkanda wa mdomo, maana ukaidi si ujinga. Akafungua dirisha lote. Kisha akamgeukia Mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwomba radhi, akamvua mtandio begani na kwenda kuuanika nje kwenye waya, kwa sababu ulinuka lavenda kuliko rafu yenyewe. Maskini Mwalimu alikuwa ameutembeza woga wa mbwa wake mabegani wiki nzima. Akamketisha mwana kwenye stuli, akamwambia asinyooshe mkono, asiseme, atulie tu kama anayenyolewa. Kisha akalegeza kamba.

Karani alimzunguka yule mtu mara moja. Akanusa bandeji kwa muda mrefu, kwa aibu fulani. Kisha akalala, akanyoosha miguu ya mbele yote miwili kwenye vigae, na kidevu akakiweka juu ya kiatu cha mwana.

Chiriku akamwomba shangazi afungue kichupa kutoka kule mlangoni, mbali. Shangazi alikunja mikono kifuani, akatazama dari. Basi Mwalimu akakichukua yeye mwenyewe, akakifungua kwa vidole vilivyozoea kazi hiyo kila jioni.

Haikuchukua muda. Sikio lililosimama likalala. Miguu ikaondoka kwenye vigae, mmoja, wa pili, ikaingia chini ya tumbo, na Karani akajikunja juu yake akitetemeka, macho kwenye droo. Hakumtazama mwana. Hakumtazama mtu yeyote. Droo tu.

"Anaficha kucha," Chiriku akasema. "Kila akiyanusa anajua anakatwa. Wewe ulimvuta mkono chumba kizima kikinuka. Na aliyemfundisha hivyo ni mimi, kwa maandishi, yale pale ukutani."

Mwalimu akafunga kizibo, akakifunga tena ingawa kilikuwa kimeshafungwa.

"Nyumbani ndivyo anavyolala," alisema. "Nilidhani ni baridi. Nikawa namwongezea blanketi, na matone."

Mwana alikitazama kiatu chake, bado kina unyevu wa kidevu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba maelezo ni mazuri, ila nyuzi ni nyuzi. Kazi yake ni kuhesabu hatari, na mbwa aliyeuma mara moja yuko kwenye orodha. Je, nani atamdhamini? Binti huyu wa mabeseni?

Chiriku alikuwa na jibu, tena refu, lakini halikuhitajika. Mwalimu aliunyoosha mgongo wake ule, na hapo hapo kila mtu chumbani akawa mwanafunzi.

"Nimefundisha miaka thelathini na sita," akasema. "Watoto waliowauma wenzao nimewaona wengi, na wewe ulikuwa mmoja wao, darasa la pili, sikio la mtoto wa mwashi. Sikukupeleka kwa daktari wa sindano. Piga simu, mwambie hatuji."

"Na akiuma tena, mama?"

"Akiuma tena nitampeleka mwenyewe, kwa miguu yangu hii. Leo haendi."

Mwana alitazama bandeji, akamtazama mama yake, akatoa simu mfukoni. Alitoka nje kupiga, na kupitia dirishani wakamsikia akimwambia mtu kwamba mipango imebadilika, hapana, si kesho pia.

Chiriku akamfundisha Mwalimu yaliyobaki, safari hii polepole, na pale asipojua alisema hajui. Godoro litupwe, zulia lifuliwe, madirisha yafunguliwe. Mkono asiombwe, siku akiutoa mwenyewe ni sawa, asipoutoa miezi mitatu ni sawa pia. Daktari aulizwe, ila kwa swali jingine. Mwalimu aliyaandika yote nyuma ya karatasi ya miadi ya sindano. Alipoondoka hakuchukua mtandio wake. Karani alipita karibu na kaunta akinusa hewa, akasita kwenye rafu, akaivuka kwa mbio ndogo, na nje akatembea upande wa mwana, si karibu sana.

Wale wateja wengine nao walikuwa wameshaondoka, mbwa wao wachafu vile vile.

Shangazi alisubiri mpaka gari likakata kona. Kisha akanyoosha mkono.

"Vua aproni."

"Sivui," Chiriku akasema.

Hakulisema kwa kelele. Alipanda kwenye meza na viatu vyake vyenye maji, akashika karatasi ile kwa pembe yenye maua mazuri zaidi, akaivuta. Ilikuwa imegandishwa barabara, maana aliigandisha yeye, ikatoka na rangi ya ukuta. Akaikunja, nailoni ikakataa kukunjika, akaikanyaga mpaka ikatii. Shangazi akamwambia hilo ni duka lake, ukuta wake na rangi yake. Chiriku akakubali yote matatu. Akasema kufukuzwa atafukuzwa, lakini si kabla ya saa nane, maana kuna daftari la wateja pale kaunta, na kila aliyebeba kichupa ameandikwa humo, na kila mmoja ana mbwa. Labda wengine wanalala vizuri na lavenda yao, heri yao. Labda wengine wamelalia mikono. Haiwezekani kujua bila kuuliza.

"Watatucheka," shangazi akasema. "Mtaa mzima. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Wacheke. Maji tumeyavulia nguo, shangazi, na sisi kazi yetu ni kuogesha."

Akakaa kwenye kiti cha kaunta, kiti cha shangazi, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akavuta simu. Akabonyeza namba ya juu kabisa. Upande wa pili ukaita.

"Haloo, ni mimi wa duka la mbwa. Ndiyo, yule anayeongea sana. Nataka kukuuliza, ukimtilia mbwa wako yale mafuta, miguu yake ya mbele anaiweka wapi?" Akasikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. "Basi naomba ukimwage kichupa. Hapana, hakijaharibika. Mimi ndiye niliyekosea. Ndiyo, mimi ndiye niliyekuambia ukinunue."

Alipokata, shangazi alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa ameanza kuvitoa vichupa rafuni, kimoja kimoja, akivipanga ndani ya boksi la shampuu kwa hasira, kana kwamba kila kimoja kimemtukana. Chiriku akashika namba ya pili.

"Sio huyo," shangazi akasema bila kumtazama. "Huyo mbwa wake hasikii wala hanusi. Anza na yule mshonaji wa ghorofani. Jana kaniambia wa kwake ana wiki nzima hali chakula, na mimi nikamwambia aongeze."